Waliokwenda na Msafara: Habari za Kurudi Nyumbani, Korogwe na Handeni

Wanahistoria wa misafara wanajua kwenda kuliko kurudi. Ukisoma habari za bonde la mto Pangani katika karne ya 19 utaelezwa kwa kirefu kilichopanda bara: merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Utatajiwa na vituo, kuanzia Pangani mjini, kupita Korogwe, hadi Mazinde kwa Semboja wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Washambaa, kisha nyika ya Wamasai na Kilimanjaro. Safari ya kurudi huambulia mstari mmoja tu, kwamba pembe zilishuka pwani. Kwa maoni yangu mstari huo ndio uliopaswa kuandikiwa sura nzima, maana ni wakati wa kurudi ndipo ilipojulikana nani alikuwa msafiri na nani alikuwa mali. Tena nadai kwamba kilichoamua nani arudi hakikuwa urefu wa njia wala karatasi aliyopewa mtu mkononi. Kilichoamua ni kama nyumbani palibaki watu wa kumtambua kwa ukoo wake, na ardhi ya kumkalisha.

Tuanze na waliorudi kwa shangwe. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani au kichwani, miezi kwa miezi. Msafara ulipokaribia mji haukuingia hivi hivi tu. Ulisimama nje, watu wakaoga, wakatoa nguo nzuri walizozificha njia nzima zisichafuke, kirangozi akatangulia na bendera na mapambo yake, ngoma ikalia, bunduki zikafyatuliwa hewani. Wazungu waliofuatana na misafara waliona hayo kuwa mbwembwe za kupoteza baruti. Nadhani hawakuelewa kinachotendeka. Aliyeondoka kijana asiye na kitu alikuwa anadai heshima mpya mbele ya watu waliomjua kabla, na heshima hiyo haina maana mbele ya wageni. Wanyamwezi, mabingwa wa kazi hiyo, walipanga hata kalenda yao kwa kufuata nyumbani: walishuka pwani kiangazi na walitaka wawe wamefika kwao kabla mvua za kulimia hazijaanza. Mwajiri aliyechelewesha safari alijikuta asubuhi amebaki na mizigo bila watu. Katika vitabu vyao Wazungu hao wameandika kwamba wapagazi walitoroka. Mtoro gani huyo anayekwenda moja kwa moja shambani kwake kushika jembe?

Katika njia hiyohiyo walipita na wengine ambao hakuna aliyewapigia ngoma. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki, yapata mwaka 1862, ufalme wa Washambaa uliingia katika vita vya ndugu kwa ndugu, na mateka wakawa bidhaa ya kununulia bunduki. Semboja hakuihama milima na kukaa Mazinde kwa kupenda joto la bondeni. Njia ya misafara ilipita hapo. Wajerumani walipotawala walipiga vita biashara ya watumwa, lakini utumwa wenyewe hawakuufuta. Amri ya mwaka 1904 iliwapa uhuru watoto tu, wale watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 kwisha. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katika hali hiyo chama cha Kiprotestanti cha Ujerumani kilifungua makao Lutindi, juu katika milima ya Usambara, ambako leo ni wilaya ya Korogwe, mwaka 1896, ili kuwapokea watoto waliookolewa utumwani. Watoto hao walikuwa huru. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, kwa hiyo hata njia ya kushukia ilikuwapo. Hata hivyo kilichojengwa Lutindi ni mahali pa kukaa, si kituo cha kupitia. Mtoto aliyetekwa mdogo, akauzwa mara mbili tatu, angempeleka msindikizaji wake mlango wa nani?

Atatokea msomaji wa kupinga: hilo ni suala la umbali na umri, usilikuze. Mtoto hakumbuki, na kwao ni mbali. Pingamizi hili lina uzito, na lingenishinda kama tusingekuwa na habari za Wazigua, majirani wa ng'ambo ya mto Pangani. Miaka ya 1830 ukame wa miaka mfululizo uliivamia Uzigua. Watu wenye njaa walishuka pwani, wengine wakiahidiwa kazi na chakula, wakajikuta wamepakiwa majahazini na kuuzwa kusini mwa Somalia. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza waliotoroka mashamba ya huko wakiwa na nia ya kurudi kwao kwa miguu. Waliishia kwenye misitu ya mto Juba, wakalima, wakajilinda, wakazaana. Wajukuu wao walizaliwa huko, mbali na Handeni. Lakini Kizigua kiliendelea kusemwa, na majina ya koo yalitunzwa kama wengine wanavyotunza hati za shamba. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi yao walishika njia ya kusini na kupitia Kenya, wengine kwa vyombo vya bahari, hadi mkoa wa Tanga. Waliwekwa kambi ya Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, wilaya hiyohiyo, wakagawiwa mashamba, na baadaye wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Vizazi vitano au sita kando ya Juba havikuwafutia walikotoka, ilhali mtoto wa Lutindi miaka michache tu ilitosha kumpotezea kwao.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Litasema kwamba hawa hawakurudi, walikimbia, na kwamba waliopokelewa ni wakimbizi chini ya Umoja wa Mataifa, si ndugu. Ni kweli kwamba bila bunduki za Somalia wasingeng'oka. Vita, hata hivyo, vinaeleza kuondoka tu, mwelekeo havielezi. Wenzao waliobaki kambini Kenya nao kwanza walitazamia Tanzania, na mpango huo ulivurugika wakimbizi wa Rwanda walipofurika nchini mwaka 1994. Ni baada ya hapo ndipo Marekani ilipowakubali, na kuanzia mwaka 2003 ikawachukua zaidi ya 12,000. Kuhusu karatasi, tukumbuke kwamba Wajerumani nao walitoa hati za uhuru, na hati hizo hazikumpa mtu shangazi wala kiwanja. Cheti cha uraia kilichotolewa Handeni kilikuwa na nguvu kwa sababu kilithibitisha jambo ambalo wazee wa vijiji jirani walikwisha kulikubali kwa masikio yao, waliposalimiwa kwa lugha yao.

Lutindi yenyewe, idadi ya watoto waliookolewa ilipopungua, iligeuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni hilo, mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi hiyo inaendelea hadi leo chini ya Kanisa la Kilutheri. Mageuzi hayo hayanishangazi. Katika hospitali za aina hiyo dawa ni nusu ya shughuli. Anayepona anahitaji mtu wa kuja kumchukua, na asiye na mtu huendelea kukaa.

Wala si wote waliotoka Juba waliokuwa Wazigua. Walikuwamo wa asili ya Wamakua, Wayao na Wanyasa, ambao babu zao walichukuliwa kusini zaidi, na ambao kwa sehemu kubwa walikwisha kupoteza lugha za kwao na kusema Kisomali. Mwaka 1997 Msumbiji ilifikiriwa kuwa nyumbani kwao na ikaelekea kukubali, kisha ikasema haina uwezo. Hawakuwa na kijiji cha kukitaja wala jina la ukoo la kumwambia mzee yeyote wa huko, na wengi wao sasa wanalea wajukuu Marekani.