Falsafa ya Ufundishaji: Maswali Manne kwa Mwalimu wa Madrasa

Sifa zote njema zinamstahikia Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Masahaba zake.

Vyuo vya ualimu humtaka mwalimu aandike falsafa yake ya ufundishaji, yaani maelezo mafupi ya namna anavyomtazama mwanafunzi, anachokusudia kumfikishia na njia atakayopita. Wako maalimu wa madrasa wanaoliona jambo hili ni geni. Ukweli ni kwamba kila mwalimu anayo falsafa yake, hata asipoiandika, na hudhihirika pale mtoto anapokosea.

Msingi wake katika Sunna

Imam Muslim amepokea kisa cha Muawiya bin al-Hakam as-Sulami (r.a.), aliyezungumza ndani ya sala kwa kutojua, watu wakamkazia macho. Mtume (s.a.w.) alipomaliza sala alimfahamisha kuwa sala haifai kuchanganywa na maneno ya watu. Muawiya ameshuhudia kuwa hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana. Kosa lilisahihishwa na heshima ya mtu ikabaki.

Kauli za wanazuoni

Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia), katika Ihyau Ulumiddin, amemtaka mwalimu awahurumie wanafunzi kama wanawe, awasomeshe kwa kadiri ya ufahamu wao, na aitende elimu yake. Ibn Khaldun (1332–1406), katika Muqaddima, ameonya kuwa mtoto anayelelewa kwa ukali hupoteza uchangamfu, na hujifunza uongo ili ajikinge na mkono unaompiga.

Ni kweli kuwa wako wanazuoni walioruhusu kumpiga mtoto kwa kumtia adabu, lakini waliiwekea mipaka, na mipaka hiyo ndiyo tuliyoisahau.

Tulilojifunza sisi

Tulipoanza kusomesha chuoni tuliamini kuwa bakora ndiyo inayohifadhisha. Mtoto mmoja alikuwa akikwama kila siku kwenye herufi, nasi tukimpiga. Hatimaye akaacha chuo. Baadaye tukaambiwa na wazee wake kwamba macho yake hayakuwa yakiona ubaoni. Tuliwaomba radhi, lakini miaka aliyoikosa Qur'ani haikurudi. Nia yetu ilikuwa njema. Tulichokosa ni kujiuliza.

Maswali ya kujiuliza

1. Nasomesha kwa ajili ya nani? Nia ndiyo mwanzo wa kila amali.
2. Mtoto huyu akihitimu, atoke na nini? Kuhifadhi peke yake, au pamoja na kufahamu, kutenda na kuipenda dini yake?
3. Asipofahamu, hatua yangu ya kwanza ni ipi? Ichunguzwe kwanza afya ya macho na masikio yake, njaa, na hali ya nyumbani kwao.
4. Nitajuaje kama kosa ni langu? Darasa zima likikwama pahala pamoja, mwalimu aitazame njia yake.

Majibu yaandikwe kwa maneno machache, kisha mwalimu mwenzetu akaribishwe darasani atazame kama tunayatenda. Na kila mwanzo wa mwaka yasomwe upya, kwani mwalimu naye huendelea kujifunza.

Tunamuomba Allah atusamehe tulipowakosea watoto wa Waislamu, na aijaalie elimu yetu iwe yenye manufaa. Wallahu a'lam.