Dawa ya magugu: Inavyotoka shambani mpaka mtoni

Maji ya bomba ya Jiji la Tanga yanategemea sana Mto Zigi. Mto huu unaanzia milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani wilayani Muheza, unapita kwenye mashamba, kisha maji yake yanakusanywa Bwawa la Mabayani ili yasafishwe. Kinachopuliziwa huko juu, ikiwemo dawa ya kuua magugu, kinaweza kushuka na maji.

Dawa inafikaje mtoni?

Njia ni mbili. Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupulizia, maji yanayotiririka yanaisomba dawa hadi kwenye mitaro. Nyingine inayeyuka, inazama ardhini taratibu na kutokea kwenye mifereji au visima.

Dawa nazo zinatofautiana. Glaifoseti inang'ang'ania udongo, hivyo mara nyingi husafiri na tope, hasa kwenye miteremko. Atrazini, inayotumika kwenye mahindi, haishikwi sana na udongo. Kwenye kichanga, kama sehemu nyingi za pwani, inazama kirahisi zaidi.

Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa atrazini sokoni kwa hofu kwamba ingevuka kikomo chake kwenye maji ya chini ya ardhi: maikrogramu 0.1 kwa lita. Hiyo ni sawa na gramu 1 ndani ya lita milioni 10.

Kuchemsha kunasaidia?

Hapana. Kuchemsha au kutia klorini kunaua vijidudu, lakini hakuwezi kutegemewa kuondoa kemikali hizi. Kuziondoa kunahitaji mitambo, kwa mfano yenye mkaa maalumu wa kuchujia. Kwa anayechota kisimani au mtoni, kinga inaanzia shambani.

Mkulima afanye nini?

- Asipulizie mvua ikikaribia. Mvua ya kwanza baada ya kupulizia ndiyo inayosomba dawa nyingi zaidi.
- Aache ukanda wa majani kando ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni.
- Asioshe bomba la kupulizia mtoni wala kisimani.
- Kopo likiisha, alisuuze mara tatu, maji hayo ayarudishe kwenye bomba na kuyapulizia shambani. Kisha alitoboe, lisije kugeuzwa chombo cha maji au mafuta ya kula.
- Afuate kipimo cha kwenye lebo. Kuzidisha "ili majani yafe haraka" kunaongeza dawa ya kusombwa.
- Anunue dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Hatua nyingi kati ya hizi hazina gharama. Dawa ikishaingia kwenye maji, kuitoa ndiyo kazi, na bili inaweza kumrudia mtumiaji wa bomba.