Kusajili si Kuidhinisha: Funzo la Mulbadaw

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza watafsiri ni zile za uendeshaji wa hifadhidata ya wingu, yaani kumbukumbu za ofisi zilizowekwa katika kompyuta za kampuni ya mbali, ambayo huzitunza kwa malipo. Kampuni hushughulikia mitambo. Bali kazi za kila siku, kama vile kusajili watumiaji na kuwapa idhini, hubaki mikononi mwa ofisi yenyewe. Ni rahisi kwa mfasiri kuzifunika kazi hizi mbili kwa neno moja, “kusajili”. Tunaona kwamba hilo ni kosa, na historia ya Wilaya ya Hanang yatuonyesha sababu.

Hanang, iliyomegwa kutoka Mbulu, leo imo katika Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 iliweka utaratibu wa kusajili vijiji, na Mulbadaw kikawa miongoni mwa vilivyosajiliwa. Mwaka 1981 halmashauri ya kijiji hicho, pamoja na wanakijiji 67, iliishtaki NAFCO, shirika la umma lililolima ngano wilayani humo kwa msaada wa Kanada, ikidai kwamba limeingilia ardhi yao. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984. Lakini katika rufaa ya mwaka 1985, Mahakama ya Rufani iliyakataa madai ya kijiji juu ya ekari 8,125. Usajili pekee haukutosha. Ulihitajika uthibitisho kwamba kijiji kimegawiwa ardhi hiyo na Halmashauri ya Maendeleo ya Wilaya, nao haukuwapo. Jina lilikuwamo daftarini, haki haikuwamo.

Hifadhidata nayo hufuata kanuni hiyo. Aliyesajiliwa ana jina na neno la siri tu. Idhini ndiyo inayotaja jedwali gani aruhusiwe kulitumia, na kwa tendo gani: kusoma, kuongeza, kubadili au kufuta. Akihamishwa kituo, idhini hiyo hapana budi ibatilishwe.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno matatu yasichanganywe: kusajili, kuidhinisha na kubatilisha idhini. Ofisa wa Mbulu au Katesh atakayeusoma mwongozo wetu ajue, kabla hajabonyeza kitufe, kama anaandika jina au anatoa haki.