Gumbo na Gondokoro: Majaribu na Imani Ukingoni mwa Nile

Msafiri atokaye Juba kuelekea Nimule na mpaka wa Uganda huvuka kwanza Mto Nile, na mara afikapo ng'ambo ya mashariki hujikuta Gumbo. Ni kitongoji kilichomo katika eneo la Rajaf, nchi ya Wabari tangu zamani, na barabara ipitayo hapo ina urefu wa kilomita 192 hadi Nimule. Ilitiwa lami na kukamilika mwaka 2012, na kwa miaka mingi ndiyo iliyolisha mji wa Juba: unga, mafuta, saruji na vitunguu vyote vilipita Gumbo kabla ya kufika sokoni. Wakimbizi nao wamepita hapo, wakienda na wakirudi, katika kila vita vilivyoikumba nchi hiyo. Ndiyo maana wengi wa wakazi wa kandokando ya barabara hiyo wanakielewa Kiswahili, walichojifunza katika makambi ya Kenya na masoko ya Uganda.

Kaskazini ya hapo, kwa kufuata ukingo uleule wa mashariki, ndipo palipokuwa Gondokoro. Wasomaji wetu wanalikumbuka jina hilo katika vitabu vya safari za Speke na Grant, waliofika huko Februari 1863 baada ya kusafiri kutoka Unguja wakiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay na waungwana wenzake. Bila shaka hao walikuwa miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa kwanza kuyanywa maji ya Nile mahali hapo. Walipofika, misheni ya Kikatoliki ya Gondokoro ilikuwa imekwisha kuwa gofu. Habari za gofu hilo, na za watu wanaoishi karibu nalo leo, ndizo zilizonisukuma kuandika makala haya. Kwani husemwa mara nyingi, tena kwa wepesi mno, kwamba mateso huikomaza imani na kuijenga tabia ya Mkristo. Yafaa kauli hiyo ipimwe kwa historia.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe, kama ilivyo desturi ya jarida la walimu wa lugha. Kiswahili kinatofautisha mateso na majaribu. Mateso hutaja maumivu tu. Anayeteswa aweza kuwa mtu, aweza kuwa mnyama. Jaribu lina swali ndani yake: kitu kinajaribiwa ili ionekane kina nini. Waliotafsiri Biblia katika Kiswahili walichagua pia neno saburi, ambalo kwa masikio ya wengi leo ni zito kuliko subira ya kila siku. Mwenye subira hungoja. Mwenye saburi hukaa chini ya mzigo na asiutupe. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya tano, Mtume Paulo anaifanya saburi kuwa daraja baina ya dhiki na tumaini. Basi dhiki peke yake haifiki ng'ambo. Hapana budi kuwe na kitu katikati.

Misheni ya Gondokoro ilianza kwa matumaini makubwa. Mwaka 1846 Papa Gregori wa Kumi na Sita alianzisha Vikarieti ya Afrika ya Kati, na Januari 1850 padre Mslovenia, Ignacij Knoblehar, alifika kwa Wabari pamoja na wenzake. Mmoja wao, Angelo Vinco wa Verona, alirudi mwaka uliofuata akakaa peke yake miongoni mwa Wabari, akajifunza lugha yao na kuzunguka katika nchi yao, mpaka homa ilipomwua Januari 1853, akiwa na umri wa miaka 33. Mwaka huohuo Knoblehar akajenga Gondokoro. Mapadre waliletwa kutoka Khartoum kwa jahazi lililoitwa Stella Matutina, wakaanza kufundisha watoto na kuandika maneno ya Kibari.

Kisha wakafa. Siwezi kulieleza jambo hili kwa namna nyingine, kwa maana ndivyo historia ya misheni hiyo isomwavyo: jina, mwezi wa kuwasili, mwezi wa kuzikwa. Katika kituo cha Msalaba Mtakatifu, kilichokuwa kaskazini zaidi katika nchi ya Wadinka, padre kijana Daniele Comboni aliwasili Februari 1858, na kabla ya mwezi Machi kwisha alikwisha mzika rafiki yake Francesco Oliboni. Knoblehar mwenyewe alifariki mjini Napoli mwezi Aprili mwaka huo, akiwa amekwenda Ulaya kutafuta nafuu. Comboni aliondoka Januari 1859, mwili wake ukiwa umekaribia kushindwa. Mwaka 1860 Gondokoro ilikuwa imeachwa.

Sasa tuulize: je, mateso ya watu hao yalijenga kanisa kwa Wabari? Yalijenga kidogo sana. Waliobatizwa walikuwa wachache, na walipoondoka mapadre hapakubaki jumuiya ya Wakristo ya kutajwa. Mara nyingi lawama hutupiwa homa, lakini homa haikuwa adui wa pekee. Gondokoro ilikuwa pia soko la pembe, na baadaye la watumwa. Wafanyabiashara wa Khartoum waliteremka hapo na bunduki zao, na mwaka 1854 Vaudey, aliyekuwa mfanyabiashara na mwakilishi wa serikali ya Sardinia, aliuawa katika mapigano na Wabari. Kwa Mbari aliyesimama ukingoni, mgeni aliyeshika msalaba na mgeni aliyeshika bunduki walishuka kutoka katika majahazi ya namna moja. Tena Wabari wenyewe walikuwa na mateso yao. Mvua ilikosekana, njaa ikaingia, na mwaka 1859 Nyigilo, mkuu wa mvua aliyewahi kuwa rafiki wa wamisionari na kusafiri nao mpaka Khartoum, aliuawa na watu wake kwa sababu mbingu zilikataa kufunguka. Hivyo palikuwa na makundi mawili yaliyoteseka mahali pamoja na wakati mmoja, kila moja likiteseka peke yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo jibu la swali letu, kuliko katika idadi ya makaburi.

Comboni aliyatafakari hayo. Mwaka 1864, akiwa Roma, aliandika mpango wake uliosema kwamba Afrika itaokolewa na Waafrika wenyewe. Wengine wamelisifu wazo hilo kana kwamba lilimshukia kutoka mbinguni. Mimi naona lilitoka katika makaburi ya Msalaba Mtakatifu. Yeye alirudi Sudan akafa Khartoum Oktoba 1881, na Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu mwaka 2003.

Miaka mia moja baada ya mpango huo kuandikwa, wazo lake lilitimizwa na mtu ambaye hakukusudia kulitimiza. Tarehe 27 Februari 1964 serikali ya Jenerali Abboud ilitoa amri ya kuwafukuza wamisionari wote wa kigeni katika majimbo ya kusini, watu wapatao 300, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Shule za misheni zilikuwa zimekwisha kutwaliwa mwaka 1957. Mwaka 1960 siku ya mapumziko ilihamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Iliaminiwa huko Khartoum kwamba mchungaji akiondolewa kondoo watatawanyika. Hakika walitawanyika. Julai 1965 askari waliwaua raia wengi mjini Juba. Chuo cha wachungaji wa Kianglikana huko Mundri kiliharibiwa mwaka huohuo. Maelfu walikimbilia Uganda, Kongo na misituni. Padre Saturnino Lohure, aliyekuwa mbunge kisha akawa kiongozi wa wapiganaji, aliuawa karibu na mpaka wa Uganda Januari 1967.

Lakini waliotawanyika walikwenda na makatekista wao. Hao walikuwa watu wa elimu ndogo, wasio na mshahara wala joho, wanaojua sala kwa moyo na kuweza kusoma kwa shida. Walibatiza, walizika, waliwaongoza watu katika sala chini ya miti. Yule aliyeteseka na yule aliyemfariji walikuwa na njaa ileile. Tazama tofauti yake na Gondokoro! Vita vilipokoma, ilionekana kwamba kanisa la kusini lilikuwa limekua katika miaka ambayo halikuwa na fedha, majengo wala wageni. Na mkataba uliokomesha vita hivyo, uliosainiwa Addis Ababa, ulipatikana kwa usuluhishi wa makanisa, yaani Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lenye makao yake Nairobi. Tarehe ya kusainiwa kwake ni 27 Februari 1972: miaka minane kamili, siku kwa siku, tangu ile amri ya kufukuza.

Vita vya pili, vilivyoanza mwaka 1983, vilileta jambo jingine. Wadinka wa Bor walikuwa wamehubiriwa na Waanglikana tangu kituo cha Malek kilipofunguliwa mwaka 1906, nao kwa miaka mingi hawakuitikia sana. Walipopoteza ng'ombe wao na vijiji vyao ndipo walipoingia kanisani kwa makundi. Tenzi mpya zilitungwa kwa Kidinka, nyingi zikiwa za wanawake. Mary Alueel Garang ndiye mtunzi wao ajulikanaye zaidi. Katika nyimbo hizo maafa ya taifa yalisomwa kwa mwanga wa Nabii Isaya, sura ya kumi na nane, ambayo Wakristo wengi wa huko huamini kwamba inawahusu wao. Nani angewafundisha hayo? Hapakuwa na mmisionari. Walisoma wenyewe, wakajikuta ndani ya kitabu. Baada ya mauaji ya Bor ya mwaka 1991 walikimbilia kusini, wengine katika makambi ya upande wa Nimule, wakaenda na nyimbo zao.

Kuhusu tabia, mfano ninaouona bora ni wa Askofu Paride Taban. Alizaliwa Opari mwaka 1936, akapewa upadre mwaka 1964, katika mwaka uleule wa kufukuzwa wamisionari, na akawa askofu wa kwanza wa Torit mwaka 1983. Wapiganaji wa SPLA walipouteka mji huo mwaka 1989 walimkamata wakamweka kizuizini kwa miezi kadhaa. Alipofunguliwa hakukimbilia nje. Alibaki katika nchi iliyoshikwa na waliomfunga, akashirikiana na makanisa mengine kuanzisha Baraza la Makanisa la Sudan Mpya, na alipostaafu alikwenda Kuron, mbali na barabara zote, akaanzisha mwaka 2005 kijiji cha amani cha Utatu Mtakatifu kwa makabila yaliyozoea kuibiana ng'ombe. Alifariki Novemba 2023. Kwa kuyatazama maisha yake mtu aweza kuelewa maana ya saburi bila kamusi.

Hata hivyo mwalimu mwaminifu hawezi kukomea hapo. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na viongozi wake walikuwa watu waliopita katika moto wote niliousimulia: walifiwa, walikimbia, waliomba chini ya miti. Tarehe 15 Desemba 2013 walianza kupigana wao kwa wao mjini Juba, na watu waliuawa kwa sababu ya kabila. Waliouawa walikuwa wamebatizwa, na waliowaua walikuwa wamebatizwa. Ikiwa mateso hujenga tabia kwa nguvu zake yenyewe, nchi hiyo ingekuwa na viongozi wapole kuliko wote barani. Mateso yaweza pia kumfundisha mtu kuhesabu madeni, na kumwaminisha kwamba aliyeteseka sana ana haki ya kutenda lolote. Aprili 2019 Papa Fransisko aliwainamia viongozi hao huko Vatikano akaibusu miguu yao, akiwaomba walinde amani. Wengine walicheka, wengine walilia. Mimi nadhani mzee yule alijua kwamba jaribu lao lilikuwa bado halijajibiwa.

Turudi Gumbo. Mwanzoni mwa mwaka 2014 wakimbizi wa vita hivyo walianza kuingia katika uwanja wa misheni ya Wasalesiani, mapadre wa shirika la Don Bosco, walio na parokia na shule mahali hapo. Kambi ikazaliwa chini ya maturubai, ikadumu, na kwa miaka ikakadiriwa kuwa na watu wapatao 10,000, wengi wao wanawake na watoto. Watoto waliozaliwa humo walianza shule humo. Mapigano ya Julai 2016 yaliongeza wengine. Huko Gumbo hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza kama mateso yana faida. Palikuwa na maji ya kuchota, kuni za kutafuta, na jirani wa kabila jingine wa kupanga naye foleni.

Barabara ipitayo mlangoni pao nayo haikuacha kudai. Agosti 2021 parokia ya Loa, iliyo kwenye njia hiyo ya Nimule, iliadhimisha miaka mia moja tangu kuanzishwa kwake. Masista wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, shirika la wazalendo lililoundwa na Askofu Sisto Mazzoldi, walikwenda kusherehekea. Tarehe 16 Agosti, wakirejea Juba, basi lao lilishambuliwa na watu wenye bunduki. Sista Mary Daniel Abud, aliyewahi kuwa mkuu wa shirika hilo, na Sista Regina Roba waliuawa, pamoja na wasafiri wengine watatu. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, Daraja la Uhuru lilifunguliwa juu ya Nile, na magari yatokayo Nimule yakapata njia ya pili ya kuingia Juba. Masista wa shirika hilo wameendelea na kazi zao za shule na zahanati.