Kumfundisha mhadhiri kufundisha: kazi ipo, ila kwenye matangazo huioni

Wadau, wangapi tumeshakaa darasani saa 2 nzima, mhadhiri anasoma madesa yake mwanzo mwisho, tukatoka patupu? Mtihani ukija watu wanapata sapu, wengine wanadisko, lawama zote kwa mwanafunzi. Sasa kuna watu kazi yao ni kumsaidia huyo mhadhiri afundishe vizuri zaidi. Marekani wana chama chao tangu 1976, kinaitwa POD Network. Huku kwetu je?

Tuchukue Tabora. Njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji leo ni mji wa vyuo: Ualimu, Ardhi, Nyuki, Utumishi wa Umma, VETA, na AMUCTA iliyoanza 2010 chini ya SAUT. Mtaalamu wa nyuki anawajua nyuki, mpima ardhi anajua kupima. Lakini kujua kitu na kumfanya mwenzako akielewe ni mambo mawili. Nyerere mwenyewe alichukua diploma ya ualimu Makerere kabla ya kufundisha St. Mary's Tabora kuanzia 1946. Vyuo vikuu vyetu vinaangalia zaidi GPA, mara nyingi 3.8 kwenda juu, ndipo unakabidhiwa darasa.

ANAFANYA NINI HASA?

Kwanza anakaa na mhadhiri, anamuuliza anakwama wapi. Halafu anaingia darasani, anakaa nyuma kimya na kuandika: nani anajibu, nani kasinzia, swali likiulizwa mwalimu anasubiri muda gani. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu. Ukisubiri 3, majibu yanakuwa marefu na wanaojibu wanaongezeka. Baadaye wanaongea wawili tu, siri yao. Huyu si mkaguzi, na hapeleki ripoti kwa mkuu wa chuo. Akipeleka, hakuna atakayemfungulia mlango tena.

Pia anasaidia kutunga mitihani, kupanga kozi, na kukusanya maoni ya wanafunzi katikati ya muhula, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

UNAANZIA WAPI?

Usitafute tangazo lenye jina hilo, utachoka. Wengi wanaanza kama walimu, wakufunzi au wahadhiri, halafu wanaingia vitengo vya udhibiti ubora au vya kufundisha kwa mtandao. Shahada ya ualimu inasaidia, na ya uzamili katika elimu zaidi: UDSM, Chuo Kikuu Huria, au Aga Khan pale Dar. Upande wa ufundi kuna chuo cha walimu wa VETA Morogoro. Kwa wahadhiri walioko kazini, PASGR ya Nairobi ina programu ya PedaL.

Ugumu wake? Mtu ana PhD, utamwambiaje hajui kufundisha? Humwambii. Unamuuliza, anajiona mwenyewe. Kirangozi wa msafara hakuwa mwenye mali, ila aliijua njia, na matajiri walimfuata.

Kwa hiyo wewe unayewaelewesha wenzako hesabu usiku wa kuamkia mtihani, hicho si kipaji cha kuchezea. Kuna chuo kinakihitaji, na kuna wanafunzi wasingedisko.

Haya, tiririkeni: mwalimu gani alikufungua macho, na alifanyaje?