Jabali la Manga: matembezi juu ya Maskati na habari zake

Neno Manga tumelizoea zaidi jikoni kuliko kwenye ramani. Pilipili manga tunaisaga, njiwa manga wazee wetu waliwafuga, na komamanga tunalinunua hapa Skärholmstorget kwa wauza matunda, bila kujiuliza kwa nini tunda hilo limebeba jina la nchi. Koma ni tunda la mkoma; komamanga, basi, ni koma la Manga. Na Manga ni Uarabuni, hasa Omani. Mwenye kutoka huko aliitwa Mmanga, na Unguja na Pemba neno hilo halikuwa la heshima sana. Mwarabu wa mashamba ya karafuu, mwenye nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, hakupenda kuitwa Mmanga. Mmanga alikuwa yule aliyeshuka jahazini juzi, hana kitu, anafungua kiduka cha udongo kijijini na kulala juu ya magunia ya mbata.

Kwa miaka mingi nilidhani watu hao walitoka jangwani, mchangani, kwenye ngamia. Kumbe wengi wao walitoka milimani. Nimefika huko kwa miguu yangu, na ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Maskati ni mji uliobanwa baina ya bahari na mawe. Atokaye Stockholm akashuka pale mwezi wa Januari hukutana na vilima vya rangi ya kahawia iliyoungua, havina mti hata mmoja, vimesimama nyuma ya nyumba nyeupe kama ukuta wa tanuri. Binamu yangu, ambaye familia yake ilihamia huko baada ya 1970, alinipeleka kwenye njia ya zamani itokayo Riyam kwenda Matrah. Ni kilomita mbili na kitu tu, lakini inapanda kiasi cha mita 200 kwa ngazi za mawe, kisha inashuka ndani ya bonde kavu penye mabaki ya kijiji na matuta ya mashamba. Kabla ya barabara ya pwani, asiyetaka kuzunguka kwa mtumbwi alipita hapo kwa miguu, na mzigo kichwani. Siku hizi njia imechorwa alama za rangi juu ya mawe, na wazungu wenye fimbo mbili mbili wanaipenda sana. Vijana wa mji wenyewe niliwaona chini, kwenye mahoteli ya ufukweni, wakinywa karaki.

Mimi ni mhandisi, na mawe yale yalinisimamisha. Mengi ni sakafu ya bahari. Si mawe yaliyowahi kufunikwa na bahari, la. Ni mwamba wa chini kabisa wa bahari, ule uliopo chini ya gamba la dunia, uliosukumwa juu ya bara la Uarabu zaidi ya miaka milioni 70 iliyopita. Wanajiolojia huuita peridotaiti, na ni sehemu chache duniani ambapo mtu anaweza kuukanyaga kwa eneo kubwa kama Omani. Ndani ya miamba hiyo ndiko ilikotoka shaba iliyouzwa Mesopotamia zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Hapa kwetu mlima tunaokwenda kuupanda Jumapili na watoto ni Vårbergstoppen, ambao ni udongo na mawe yaliyochimbwa wakati mitaa yetu inajengwa miaka ya 1960. Kila mtu na mlima wake.

Lakini mlima wenyewe, ule wa habari hii, uko ndani zaidi. Ni Jabal Akhdar, Mlima wa Kijani, kiasi cha saa mbili kwa gari kutoka Maskati. Unaingilia Birkat al-Mawz, maana yake dimbwi la ndizi, na hapo polisi wanakagua gari: bila ya magurudumu manne yanayosukuma hupandi. Juu kuna uwanda wa Saiq, mita kama 2,000 toka usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi inakukumbusha Oktoba ya Sweden. Mwaka 2011 sehemu ya mlima ilitangazwa kuwa hifadhi. Pembezoni mwa korongo vimening'inia vijiji vya al-Aqr, al-Ayn na al-Shurayjah, na njia ya miguu inavipitia vyote vitatu, ukitembea juu ya kingo za mifereji. Matuta yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka macho yanachoka: mawaridi ya kukamuliwa marashi ambayo huchanua mwezi wa Machi na Aprili, kitunguu thomu, lozi, na mikomamanga. Mikomamanga mingi, ndugu zangu. Komamanga la huko huiva Agosti na Septemba na watu husafiri kulifuata.

Mifereji hiyo huitwa falaj. Nimejenga mifumo ya maji kwa kompyuta na pampu, na nasema bila kujikweza wala kujidhalilisha kwamba kazi ile ni ya mabingwa. Maji yanatolewa chemchemini au chini ya ardhi na kuongozwa kwa mteremko mdogo kabisa, mdogo kiasi kwamba ukiukosea kidogo ama yanasimama ama yanaubomoa mfereji. Kisha yanagawanywa kwa muda, si kwa ndoo. Kipimo ni athar, kiasi cha nusu saa, na kila mwenye shamba anajua athar zake. Mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Kiasi cha mifereji 3,000 bado inafanya kazi Omani. UNESCO iliorodhesha mitano mwaka 2006, mmojawapo Falaj al-Khatmein hapo hapo Birkat al-Mawz. Kijiji chenye falaj hakiwezi kupigana chenyewe kwa chenyewe kwa muda mrefu, maana nusu saa ya jirani lazima iheshimiwe. Na adui akitaka kukivunja, anajua pa kuanzia.

Hapa ndipo historia inapoingia, ile ambayo katika njia zote nilizopita juu ya mlima sikuona hata bao moja linaloitaja.

Omani ilikuwa na utawala wa namna mbili. Pwani palikuwa na Sultani wa ukoo wa Busaidi, ndugu na wale wa Unguja. Bara palikuwa na Imamu aliyechaguliwa na wanazuoni na mashekhe wa makabila. Sayyid Said alipohamishia kiti chake Unguja, kisha Waingereza wakazigawa dola mbili mwaka 1861, Maskati ilibaki maskini, ikingoja riale 40,000 za kila mwaka ambazo Unguja ilitakiwa iilipe. Mkataba wa Seeb wa 1920 uliacha Imamu atawale ndani na Sultani atawale pwani. Mambo yakaenda hivyo mpaka harufu ya mafuta ilipofika. Mwaka 1954 alichaguliwa Imamu mpya, Ghalib bin Ali al-Hinai. Desemba 1955 Sultani Said bin Taimur aliingia Nizwa kwa msaada wa Waingereza. Mwaka 1957 Talib, ndugu yake Imamu, alirudi na wapiganaji waliofunzwa Saudi Arabia, na vita vikaanza upya. Waingereza wakairudisha Nizwa mikononi mwa Sultani mwezi wa Agosti. Imamu, Talib na Suleiman bin Himyar, mkubwa wa Bani Riyam wenye mlima, wakapanda Jabal Akhdar.

Huko juu hawakuweza kufikiwa, kwa hiyo walifikiwa kwa ndege. Katika nusu ya pili ya 1958 peke yake, jeshi la anga la Uingereza liliruka zaidi ya mara 1,600 juu ya mlima na kudondosha tani zipatazo 1,000 za mabomu. Walengwa hawakuwa wapiganaji tu. Vijiji vilipigwa, na mitambo ya maji ikapigwa kwa makusudi: matangi, mabwawa, mifereji. Watu walihamia mapangoni. Chini ya mlima kijiji cha Tanuf kiliangushwa na hakikujengwa tena. Kuta zake za udongo zimesimama mpaka leo kama meno. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari 1959 makomando wa SAS, baadhi yao wametolewa moja kwa moja kwenye vita vya Malaya, walipanda kwa njia ambayo haikulindwa, na asubuhi mlima ulikuwa umekwisha. Viongozi walitorokea Saudi Arabia. Imamu Ghalib alifia Dammam mwaka 2009, hakurudi.

Imamu naye hakuwa peke yake. Wasaudi na Wamisri walimpa silaha na fedha, kila mmoja kwa sababu zake, na mabomu yao ya ardhini yaliua watu barabarani. Sisemi upande mmoja ulikuwa wa malaika. Ninachosema ni kwamba mkulima wa al-Aqr hakuulizwa.

Sasa turudi kwetu. Ukoo mmoja wa milima ile ungeweza kuwa na ndugu mmoja kwenye matuta na mwingine na kiduka huko Pemba. Uhusiano haukuwa wa biashara tu. Sayyid Barghash alipoleta mtambo wa uchapaji Unguja, vitabu vya wanazuoni wa Kiibadhi vilichapwa pale. Mshairi na kadhi Abu Muslim al-Bahlani, mzaliwa wa Wadi Mahram, aliishi na kufia Unguja mwaka 1920. Lakini wengi wa Wamanga hawakuwa washairi. Walinunua mbata na karafuu kwa wakulima na kuuza sukari na mafuta ya taa, wakakopesha na wakadai. Februari 1936 walizusha ghasia mjini kwa sababu ya ukaguzi wa mbata, na watu wakafa. Juni 1961, baada ya uchaguzi, watu 68 waliuawa Unguja, karibu wote Waarabu, wengi wao Wamanga wa mashamba. Kisha ikaja tarehe 12 Januari 1964. Hesabu ya waliouawa inabishaniwa hadi leo na mimi sitaimaliza hapa. Ila kila mwenye kusoma anajua kwamba aliyekuwa peke yake na duka lake katikati ya kijiji alikuwa rahisi kufikiwa kuliko bwana mkubwa wa mjini. Walionusurika wengine walipakiwa majahazini na melini kurudishwa Manga.

Najua wapo wasomaji watakaosema: na watumwa je? Ni haki yao kuuliza. Karafuu za Unguja zilipandwa kwa migongo ya watumwa, na deni hilo halifutwi kwa sababu ya bomu la Mwingereza. Lakini deni la karne ya kumi na tisa lililipwa na maskini wa 1964, na hao maskini walikuwa wametoka kwenye mlima uliopigwa miaka mitano kasoro siku kumi na tano kabla yake.

Saiq nilikutana na mzee muuza komamanga. Nilimsalimu kwa Kiarabu changu kibovu, akanijibu, "Wewe si mtu wa huku, Sheikh. Sema Kiswahili." Amezaliwa Pemba, Konde. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Alinieleza kwamba mwaka 1958 baba yake, akiwa dukani, alikuwa akimlilia kaka yake aliyeko mlimani, na mwaka 1964 yule kaka ndiye akawa anamlilia yeye. "Kila mmoja akimwombea mwenziwe, wala hajui kama yu hai." Kisha akanipimia kilo mbili na hakukubali pesa.

Wakimbizi wa 1964 hawakupokewa vizuri huko. Sultani Said bin Taimur aliwafungulia mlango wachache tu. Wengine waliishia Kairo, Dubai, Kuwait, Uingereza. Ni baada ya mwanawe Qaboos kumpindua, Julai 1970, ndipo Waomani wa nje walipoitwa nyumbani, na Waswahili wenye shule wakawa walimu, wauguzi, wahandisi na maofisa. Ndiyo sababu Maskati leo unaweza kufanya shughuli zako zote kwa Kiswahili.

Na sisi tulioko Sweden tumo humo pia. Kesi ya Omani ilipofika Umoja wa Mataifa, aliyetumwa kwenda kuangalia mwaka 1963 alikuwa Msweden, Herbert de Ribbing, balozi wa nchi hii huko Hispania. Alizunguka kwa wiki mbili hivi, akarudi na ripoti ambayo nchi za Kiafrika na Kiarabu hazikuridhika nayo, na mwaka 1965 kamati nyingine ikasema suala hilo ni zito na la kimataifa. Baadaye limekwenda kabatini.

Juu ya Saiq kuna ukingo uitwao Kituo cha Diana, kwa kuwa Binti Mfalme Diana wa Uingereza alisimama pale mwaka 1986 kutazama korongo. Sasa pamejengwa hoteli ya kifahari. Rubani Mwingereza aliyeanguka na ndege yake mlimani mwaka 1958 naye kaburi lake linajulikana lilipo. Sina neno na Diana wala na marehemu rubani. Ila niliuliza majina ya watu wa vijiji waliokufa, nikaambiwa wazee wanayajua.

Anayetaka kwenda, aende baina ya Novemba na Machi kwa kutembea, au Septemba kwa matunda. Avae viatu vya mlima, mawe ni makali, na abebe maji mengi kuliko anavyodhani. Utayapata kwenye kituo chochote cha mafuta, chupa zimeandikwa Tanuf. Magofu yenyewe yako mkono wa kulia, ukitoka Nizwa kwenda Bahla, na hakuna kiingilio.