Kulala Changuu

Kisiwa cha Changuu kipo kilomita chache kaskazini-magharibi mwa Mji Mkongwe wa Unguja, na urefu wake haufiki kilomita moja. Boti za mbao huwafikisha wageni kwa muda wa nusu saa hivi. Wengi hulisha kobe, huogelea, hutazama majengo ya kale, kisha hurudi mjini kabla ya magharibi. Desturi hii ya kushinda bila kulala ni ya karibuni. Kwa sehemu kubwa ya historia yake inayojulikana, Changuu kilikuwa kisiwa cha watu kulala, na waliolala huko mara nyingi hawakuwa na hiari.

Katika miaka ya 1860 kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili waliopewa na Sultani Majid bin Said. Waliwazuia humo watumwa walioonekana wakaidi, kabla ya kuwauza mjini au kuwapakia majahazini kwenda Arabuni. Mwaka 1893, miaka mitatu baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza, Lloyd Mathews, ofisa wa zamani wa jeshi la majini aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikichukua kwa ajili ya kujenga jela. Jela ilijengwa, lakini haikupata kupokea wafungwa. Hata hivyo watalii wanakiita Kisiwa cha Jela hadi leo, na jina hilo limefunika habari iliyo kubwa zaidi.

Habari hiyo ni ya karantini. Bandari ya Unguja ilipokea vyombo kutoka India, Ghuba na Arabuni, na tauni ilipozuka Bombay mwaka 1896, hofu ya maradhi kuvushwa baharini iliongezeka. Majengo ya Changuu yakawa kituo cha kuwazuia abiria, na kituo hicho kilihudumia pia nchi nyingine za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza. Msimu wake ulikuwa Desemba hadi Machi, yaani wakati wa kaskazi, upepo uleule unaosukuma majahazi kuja pwani hii. Abiria aliyemaliza safari ndefu ya bahari aliuona mji mbele yake, nyumba zake nyeupe zikiwa dhahiri, naye akangoja wiki moja au mbili kabla ya kuruhusiwa kuukanyaga. Kwa mfanyabiashara, muda huo ulikuwa hasara, na kwa aliyekuwa na jamaa wakimsubiri ufukweni, ulikuwa mateso.

Msimu ukipita, kisiwa kilibaki na majengo matupu na hewa safi, na watu wakaanza kwenda kupumzika. Wazungu walikuwa na bangalo lao. Hapo ndipo kulala Changuu kulipoanza kuwa starehe, japo ya wachache waliokuwa karibu na serikali. Mpangilio huo unaeleza vizuri ukoloni ulivyokuwa: kuta zilezile zilimzuia mmoja na kumstarehesha mwingine, kwa kufuata kalenda.

Wakazi wa kudumu walikuja mwaka 1919, pale gavana wa Ushelisheli alipotoa zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra. Walizaana hadi kufikia 200 hivi mwaka 1955. Baadaye wezi waliwasomba kwa ajili ya biashara ya nje, na kufikia mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba tu. Ni aibu kwamba viumbe wanaoishi zaidi ya miaka mia moja walikaribia kumalizwa katika kipindi kifupi hivyo. Wengine waliletwa, wakawekewa uzio na mahali pa kulelea vitoto, na idadi yao imepanda tena.

Utalii wa Zanzibar ulipokua, majengo yalipewa kazi mpya. Nyumba ya Mathews ikawa mkahawa, na sehemu ya karantini ikakarabatiwa kuwa vyumba vya wageni. Anayelala huko sasa hulipia usiku wake, tena kwa bei asiyoimudu Mzanzibari wa kawaida, ambaye naye hufika asubuhi na kuondoka jioni kama watalii wengine wa siku moja.